Dawa za Kichina na Kinga ya Mshtuko wa Pili wa Moyo

Haya ni maneno ya mfamasia mmoja wa huduma za afya, aliyoyasema mbele ya wakazi wa Kata ya Zinga. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa maswali na majibu yaliyofuata.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kuniuliza pembeni, aghalabu mkiwa na chupa mkononi iliyofichwa nusu kwa ncha ya kanga. Mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo, Mungu akamjalia kurudi nyumbani akiwa hai, je, aweza kutumia dawa za Kichina ili ugonjwa usimrudie? Sitawazungusha. Zipo dawa chache za Kichina zilizopimwa kwa haki juu ya jambo hilihili, na zikaonekana kusaidia. Lakini namna zilivyopimwa, na namna zinavyouzwa huku kwetu, ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na katika pengo hilo ndimo watu wetu wanamopotelea. Mmoja wao ni mjomba wangu, nami nitamweleza kwa idhini yake.

Kwanza niseme kwamba sikuja hapa kumtukana Mchina wala tiba yake. Mchina si mgeni wa jana katika pwani hii. Anayeyafahamu magofu ya Kaole anajua kwamba makaburi ya nguzo ya pale, kama yale ya Kunduchi, yalipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kutoka China karne nyingi kabla Mjerumani hajajenga boma lake Bagamoyo. Kwa upande wa tiba, timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Tangu hapo timu hizo zimekuwa zikipokezana, za Bara zikitoka jimbo la Shandong na za Visiwani zikitoka Jiangsu. Hata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambako wagonjwa wetu wengi wa moyo hupelekwa, ilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2015.

Tena hakuna nyumba katika kata hii isiyokula dawa ya Kichina. Dawa mseto ya malaria, mnayowapa watoto wenu tangu mwishoni mwa mwaka 2006, asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga. Mwanamama wa Kichina, Tu Youyou, aliusoma katika vitabu vya kale vya tiba ya kwao, akaukamua dawa yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Angalieni lakini jinsi ilivyokuwa. Haikutosha kwamba kitabu cha kale kilisema pakanga inatibu homa. Ilibidi dawa itolewe ndani ya jani, ipimwe uzito, ijaribiwe, ijulikane inaua nini na inadhuru nini. Leo kidonge kimoja cha dawa mseto kinajulikana kina miligramu ngapi. Je, ile chupa mliyonayo nyumbani ina miligramu ngapi, na za nini?

Sasa tuseme mshtuko wa moyo ni nini, maana asiyejua kilichotokea hawezi kujua anakinga nini. Moyo ni msuli, nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe, myembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Kwa miaka mingi, kwa sababu ya lehemu, shinikizo la damu, kisukari au sigara, mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo. Siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu hukimbilia pale kama inavyokimbilia kidonda, huganda, na njia huziba. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Mgonjwa husikia kifua kinabanwa kama kilichokandamizwa na gunia, maumivu hupanda begani, mkononi au kwenye taya, jasho jembamba humtoka. Wengine, hasa wanawake na wenye kisukari, huona uchovu na kichefuchefu tu, wakadhani ni vidonda vya tumbo.

Wengi hawatambuliwi kabisa. Huko Moshi, katika chumba cha dharura cha hospitali ya KCMC, watafiti waliwachunguza kwa makini wagonjwa 681 waliofika wakilalamikia kifua au pumzi. Waliokuwa na mshtuko wa moyo wa kweli walikuwa 152, na karibu wote hawakuwa wametambuliwa hivyo walipopokewa. Kabla ya siku 30 kupita, zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wamefariki. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa hiyo mgonjwa aliyetambuliwa, akatibiwa, akarudi Zinga na karatasi yake ya ruhusa mkononi, ni mtu aliyepita katika tundu la sindano.

Mtu huyo hurudi na vidonge. Kwa kawaida kuna aspirini ndogo, na kwa aliyewekewa stenti, yaani kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoutanua mshipa, kuna klopidogreli pamoja nayo, aghalabu kwa mwaka mzima. Hizo mbili huzuia damu isigande pale palipoziba. Kuna statini, kama atorvastatini, ya kushusha lehemu na kuutuliza ule utando wa mafuta usipasuke tena. Kuna dawa ya kupunguza kasi ya moyo, na ya kulegeza mishipa na kushusha shinikizo. Hakuna hata moja inayomfanya mgonjwa ajisikie vizuri zaidi jioni ile aliyoinywa. Hiyo ndiyo shida yake kubwa. Panadoli ukinywa kichwa kinapoa, unaiamini. Aspirini ya moyo ukinywa leo, jambo linalotokea ni kwamba kesho halitokei jambo. Nani atalipa fedha kila mwezi kwa jambo lisilotokea?

Mjomba wangu ni mvuvi wa pwani hii. Alishikwa na kifua akiwa baharini, wenzake wakamwahisha, na kwa bahati akafika Dar es Salaam mapema. Aliwekewa stenti, akarudi na aina tano za vidonge. Mimi ndiye mfamasia wa ukoo. Kila nilipokwenda kumwamkia nilimwuliza, "Shikamoo mjomba. Dawa unatumia?" Naye alijibu, "Marahaba mwanangu, natumia." Nikaridhika, nikanywa chai, nikaondoka.

Hakunidanganya. Dawa alikuwa akitumia. Mwezi wa sita baada ya kutoka hospitali, alipoona ana nguvu na ameanza kutembea hadi ufukweni bila kupumzika, jamaa mmoja alimpeleka mjini kwa watu waliokuwa na kimashine cha kushika kiganjani, ambacho husemwa kinapima mwili mzima, kuanzia ini hadi ubongo. Wakampima, wakamwambia mishipa yake imechafuka, wakamwuzia chupa tatu za dawa ya Kichina ya kusafisha mishipa. Bei yake ilizidi ile ya vidonge vyote vya mwezi. Kisha wakamwambia neno ambalo mpaka leo linaniuma: asichanganye na dawa za hospitali, kwa kuwa zitapigana. Mjomba ni mtu mwaminifu katika maelekezo. Alivichukua vidonge vyake vyote, akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavitia katika kopo la maziwa juu ya kabati, viwe akiba ya siku akizidiwa.

Alizidiwa kabla miezi mitatu haijatimia. Stenti ilikuwa imeziba. Alipona, lakini moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Miguu inamvimba, na ngazi ya msikiti humchosha. Siku hizi anashona nyavu za wengine kivulini. Mimi ndiye niliyelishusha lile kopo. Vidonge vilikuwamo, vimepangwa vizuri, havikuguswa. Na zile chupa tatu zilikuwa na maandishi ya Kichina matupu, bila namba ya usajili, bila jina la kitu kilichomo. Sijui alikunywa nini. Wala swali langu halikuwa na maana. Nilipaswa kusema, "Mjomba, nionyeshe."

Sasa nirudi kwenye dawa zenyewe, zile zilizopimwa, maana nanyi mna haki ya kujua.

Ya kwanza inaitwa Xuezhikang. Inatokana na mchele uliochachushwa kwa kuvu nyekundu, kitu ambacho Wachina wamekitumia tangu zamani kupaka chakula rangi na kama dawa ya tumbo na damu. Nchini China walikusanywa wagonjwa 4,870 ambao wote walikuwa wamekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo. Kwa kura, nusu walipewa dawa hiyo na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, bila mgonjwa kujua amepata kipi. Jambo hili si geni kwenu, kwa kuwa wilaya yetu ya Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, na wapo humu ambao watoto wao waliingia katika makundi ya namna hiyohiyo. Basi wagonjwa wale wa China walifuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya kila watu 100 waliokunywa vidonge vitupu, kama 10 walipata mshtuko mwingine au kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo. Kati ya 100 waliokunywa Xuezhikang, walikuwa chini ya 6.

Ni matokeo mazuri, wala siyabezi. Lakini sikilizeni siri yake. Mwaka 1979 mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alikuwa ametoa katika kuvu ya ukoo uleule kitu alichokiita monakolini K. Kitu hichohicho kilipatikana pia Marekani, kikaitwa lovastatini, na mwaka 1987 kikawa statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa huko kama dawa. Kwa maneno mengine, ule mchele mwekundu umebeba ndani yake ndugu wa damu wa atorvastatini unayopewa hospitali. Mzee anayeiacha statini kwa kuwa "ni kemikali" na kununua mchele mwekundu kwa kuwa "ni asili" ametoka mlango wa mbele akaingia wa nyuma, nyumba ni ileile. Na anayekunywa vyote viwili bila kumwambia mtu anakunywa dozi mbili. Maumivu ya misuli yakimshika, au ini likiathirika, daktari hatajua aanzie wapi.

Tena kilichopimwa kule ni dawa iliyotengenezwa kwa kipimo kimoja kila kidonge. Mchele mwekundu unaouzwa kama kirutubisho ni jambo jingine. Mwezi Machi 2024, huko Japani, nchi yenye ukaguzi mkali, kampuni ya Kobayashi ililazimika kuondoa sokoni vidonge vyake vya mchele mwekundu baada ya watumiaji wengi kulazwa kwa maradhi ya figo. Ndani yake ilikutwa sumu ya kuvu nyingine. Ikiwa yametokea Japani, sisi wa huku tunaonunua kwa mtu aliyepita na begi tusijidanganye.

Ya pili ni Tongxinluo, nayo itawavutia wazee wa tiba ya pwani. Imechanganywa jinseng na mizizi mingine, lakini pia ina ubani, sandali, kafuri ya Borneo na mbegu za mti wa jamii ya mkunazi, vitu ambavyo bibi zetu wanavijua vyema. Kisha, mnisamehe wenye roho nyepesi, ina ng'e, tandu, ruba, mende wa aina fulani na magamba ya nyenje. Msicheke sana. Ruba anapomng'ata mtu humtia maji yanayozuia damu kuganda, na hilo sayansi inalijua barabara. Fikra yao ni kwamba maradhi ya moyo hutokana na damu kutuama na nguvu ya uhai kupungua, na viumbe hawa wenye kutambaa na kupenya huifungua njia. Si mbali sana na wanayosema wazee wetu wanapozungumzia damu nzito.

Dawa hiyo ilijaribiwa katika hospitali 124 za China, kwa wagonjwa 3,777 waliofikishwa hospitali na mshtuko mkubwa wa moyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya mwaka mmoja, waliopata balaa jingine kubwa, kama kifo cha moyo, mshtuko mwingine au kiharusi, walikuwa kama 5 kati ya 100 kwa waliopewa Tongxinluo, na kama 8 kati ya 100 kwa waliopewa vidonge vitupu. Watu watatu katika mia ni watu, si namba. Ila wagonjwa wote walikuwa wa China, na kampuni inayotengeneza dawa hiyo ilichangia gharama. Mimi binafsi ningependa kuona jaribio jingine, mahali pengine, kwa fedha za mtu mwingine, kabla sijaiweka katika rafu yangu.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji wa chupa hawaambii, ama halijui. Wagonjwa wale wote 3,777, wa kundi hili na wa kundi lile, walikuwa wakipata tiba kamili ya hospitali. Mishipa ilizibuliwa, aspirini ilitolewa, statini ilitolewa. Tongxinluo iliongezwa juu yake. Hakuna aliyeambiwa aache. Hakuna aliyeambiwa zitapigana. Mchina mwenyewe, akipatwa na mshtuko wa moyo kule kwao, hapewi chupa na kurudishwa nyumbani. Hukimbizwa hospitali kama mjomba wangu alivyokimbizwa, na huandikiwa vidonge vilevile. Anayemwuzia mtu wetu dawa ya Kichina na kumwachisha vidonge hamfuati Mchina. Anafuata biashara yake.

Na mjue kwamba hatari nyingine zipo hata kwa asiyeacha vidonge. Kuna mzizi mwekundu maarufu sana katika dawa zao za moyo, uitwao danshen. Mgonjwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo baadhi yenu mmepewa kwa ajili ya vali za moyo au mapigo yasiyo sawa, akiongeza danshen damu yake yaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, akatoka damu puani, kwenye haja, au katika ubongo. Kuna urukususu, ule mti mtamu wa kutafuna, ambao huingizwa katika dawa nyingi za Kichina ili kuzipatanisha. Ukitumiwa sana hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini, na moyo uliojeruhiwa hauupendi mchezo huo. Kuna efedra, iliyomo katika baadhi ya dawa za mafua na za kupunguza unene, inayoupiga moyo mijeledi.

Akina baba, hili sasa ni letu. Katika nchi nyingi, dawa zinazoitwa za miti shamba za nguvu za kiume zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili ya viwandani. Mwenye moyo mgonjwa anayetumia kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, akikutana na kitu hicho bila kujua, shinikizo lake la damu laweza kuporomoka ghafla. Wengi hawatalisema hili mbele ya mke wala mbele ya imamu. Njooni mlinieleze mimi, chumba changu kina mlango.

Nao wanaopiga chuku: ikiwa unakunywa aspirini na klopidogreli, mwambie mpigaji wako kabla hajashika wembe, na zaidi ya hapo niulize mimi au daktari wako kwanza. Damu yako haitakauka upesi kama ya jirani. Sisemi haya ili kuwavunjia heshima wapigaji chuku. Marehemu babu yangu alikuwa mmoja wao, na nina alama mgongoni.

Nchi yetu haikukataza tiba hizi. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Basi ukiingia katika kliniki ya tiba ya Kichina, au ya Kiswahili, au ya Kihindi, uliza cheti cha usajili kiko wapi. Mwenye nacho hukitundika ukutani bila kuombwa. Ukiuziwa dawa, tazama kama ina jina la kilichomo kwa lugha unayoisoma, tarehe ya kumalizika na namba ya usajili. Isipokuwa navyo, hata kama muuzaji ni mkwe wako, usiinunue. Na kimashine cha kiganjani kisikupe hofu wala matumaini. Moyo hupimwa kwa kipimo cha umeme wa moyo na kwa damu yako maabara.

Najua mnachofikiri. Mnasema, huyu anazungumza kama mwenye mshahara. Ni kweli kwamba wengi hawaachi vidonge kwa ujinga. Huviacha kwa sababu nauli ya kwenda Muhimbili na kurudi imekula fedha ya dawa; kwa sababu mwezi wa kusi bahari imechafuka na hakuna samaki; kwa sababu mke amesema bora ada ya mtoto kwanza. Mgonjwa wa namna hiyo huona haya kusema hana fedha, akasema ameona nafuu. Nami nawaambia wahudumu wenzangu walio humu, aliyesema ameona nafuu mwulizeni swali la pili.

Ukifika mahali huwezi kununua vyote, usichague mwenyewe kipi cha kuacha, wala usivile siku moja na kuviacha siku ya pili ili vidumu. Njoo na karatasi yako ya hospitali tuitazame pamoja. Aspirini ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa tulizo nazo, nayo peke yake hupunguza takribani robo ya matukio ya kurudi kwa mshtuko na kiharusi. Kati ya dawa za shinikizo na za lehemu, mara nyingi ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile, na daktari akiombwa huweza kuibadilisha. Aliye na stenti changa ajue kwamba klopidogreli ndiyo ya mwisho kuguswa, na ni daktari wa moyo pekee anayeweza kusema iishe lini. Kuhusu bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mtendaji wa Kata ataeleza baadaye taratibu za kujiandikisha, nami nawasihi wenye mgonjwa wa moyo ndani ya nyumba wasiwe wa mwisho kumsikiliza.

Na anayetaka kuendelea na dawa yake ya Kichina juu ya hayo, siwezi kumshika mkono. Namwomba mambo mawili tu. Asiache kidonge hata kimoja kwa ajili yake. Na aniletee chupa niione, hata kama imeandikwa Kichina, hata kama imebaki tupu; jina la Kichina tunaweza kulitafutia maana, na tukishindwa tunajua walau kwamba hatujui. Sitagomba. Mkunga aliyegombeza mzazi safari ya kwanza, safari ya pili mtoto huzaliwa njiani.

Mjomba alinituma niwaambie jambo. Alisema, waambie lile kopo bado lipo juu ya kabati, lakini siku hizi linatiwa sukari. Vidonge vinakaa mezani karibu na kikombe cha chai, na mjukuu wake wa darasa la nne ndiye anayevihesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na akikuta kimoja kimebaki cha jana hutangaza mtaa mzima.

Mwezi ujao tukikutana hapahapa, yeyote mwenye mgonjwa wa moyo, wa shinikizo la damu au wa kisukari aje na mfuko. Atie ndani kila kitu ambacho mgonjwa huyo hunywa, hupaka, hutafuna au hujifukiza: vidonge, chupa, mizizi, unga wa mlonge, vitunguu saumu vilivyolowekwa, maji yaliyosomewa. Tutamwaga juu ya meza na kuangalia kimoja kimoja. Leo nimekuja na kipimo cha shinikizo la damu kimoja tu, kwa hiyo tuanze na wazee. Wale waliokunywa kahawa au kuvuta sigara sasa hivi wakae kwanza kivulini nusu saa.